Pipi, Bibi na Mimi

Juzi nilikuwa dukani hapa Atlabara, mtaa wa Juba, nikimngoja mwenye duka afungue katoni mpya ya sabuni ya kufulia. Alipoipasua kwa kisu harufu ikatoka yote kwa mara moja, kali, ya mafuta na magadi na kitu kingine kama limau lililokaa sana, na nikajikuta nimesahau nilichofuata pale. Kwa watu wengi hiyo ni harufu ya nguo. Kwangu ni harufu ya kusoma. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba maneno yote hunuka hivyo, na nilipopewa kitabu changu cha kwanza cha shule nilikisogeza puani nikaona kina kasoro.

Aliyenifanya niamini hivyo ni mama. Tulikuwa tumerudi kutoka Uganda, ambako yeye alikulia kambini na ndiko alikotuzaa mimi na mdogo wangu Wani. Nasema tumerudi kwa sababu watu wazima walisema hivyo. Mimi na Wani tulikuwa hatujawahi kuiona Juba hata siku moja. Tulipanga vyumba viwili vya mabati, na mbele yake palikuwa na rakuba, kivuli cha nguzo na nyasi kisicho na kuta, ambapo maisha yetu yote ya mchana yalifanyika. Tuliishi na mama yake baba, ambaye sote tulimwita Haboba. Baba alikuwa dereva wa lori kati ya Nimule, mpakani mwa Uganda, na Juba. Alileta unga, saruji na mafuta ya kupikia, akalala nyumbani kidogo, kisha akaondoka tena kabla shati lake halijakauka vizuri kwenye kamba.

Kule kambini mama alikuwa akipika uji wa nasari, shule ya watoto wadogo. Uji ukishaiva hakuwa na la kufanya, basi alikaa nyuma ya darasa akimtazama mwalimu. Kutoka pale alikuja Juba na imani moja: mtoto aliyeonyeshwa kadi za picha nyumbani kabla ya kwenda shule, shule haimtishi. Na upande wa chuo kikuu palikuwa na nasari iliyoongozwa na mwalimu kutoka Kenya, Mwalimu Ruth, ambapo watoto walizungumzishwa Kiswahili kwanza na Kiingereza kikafuata. Mtoto hakuingia pale bila kukaa mbele ya Mwalimu Ruth na kutaja vitu anavyoonyeshwa. Mimi nilikuwa nimeshapita umri huo, nilikuwa darasa la kwanza. Zamu ilikuwa ya Wani.

Katoni tuliletewa na Mama Brenda, jirani yetu Mganda aliyekuwa na kibanda cha sabuni na chumvi kule Sherikat. Mama alizikata kwa wembe akifuata ubavu wa kipande cha mbao, kila kadi ukubwa wa kiganja chake. Upande wa nje ulikuwa na rangi na maandishi ya kiwanda. Upande wa ndani ulikuwa wa kijivu, na hapo ndipo alipochora kwa kalamu nene nyeusi. Hakuwa mchoraji. Mbuzi wake alifanana na kiti chenye ndevu. Maji aliyachora kama jerikani, na kwa muda mrefu nilidhani maji ni kitu chenye mpini. Palikuwa na jogoo, moto, meza, pesa, pipi, na bibi mwenye kilemba na hereni. Palikuwa na mama na baba. Palikuwa pia na kadi ya mimi, mtoto aliyenyoosha mikono pande zote mbili, ambayo kila mmoja wetu alisema ni yake.

Masomo yalikuwa asubuhi siku za mapumziko yangu, baada ya kufagia, kabla jua halijafika kwenye mkeka. Mama alishika kadi kando ya shavu lake na kulitamka neno polepole, akifungua kinywa sana kama alivyofanya yule mwalimu wa kambini. Kisha alizitandaza zote mkekani.

"Wani, angalia mimi. Moto. Moto iko wapi?"

Wani akaleta moto.

"Jogoo."

Akaleta jogoo.

Alikuwa hodari kuliko mimi nilivyokuwa katika umri wake, na mama hakunificha hilo. Mimi nilipofundishwa niligeuka kila mbuzi alipolia, kila tangi la maji lilipopita barabarani. Wani hakugeukia kitu. Alikaza macho usoni kwa mama kama mtu anayengoja chakula kitoke mle. "Hata kope hafungi," mama alimwambia Mama Brenda, na Mama Brenda akasema, "Huyu mtoto yako iko na akili. Kusema itakuja tu. Yangu ya kwanza pia ilikawia."

Maana Wani alikuwa hasemi sana. Maneno yake yalikuwa machache na hayakuwa na kona, yote yamekuwa mviringo, kama vipande vya sabuni vilivyotumika siku nyingi. Watu wengine hawakumwelewa. Mimi nilimwelewa, au nilisema namwelewa, na hiyo ikawa kazi yangu nyumbani. Mgeni akimuuliza Wani jambo, aligeuka kunitazama mimi.

Kazi hiyo ilinipa umuhimu hasa katika makosa yake. Wani hakukosea ovyo, alikosea mahali palepale. Mama akisema pipi, yeye aliweza kuleta bibi.

"Hapana, Wani. Pipi."

Akairudisha kadi ya bibi, akamtazama mama mdomoni, akaleta mimi.

"Analeta bibi kwa sababu Haboba ndiye anampa pipi," nilieleza. "Na analeta mimi kwa sababu anaitaka yeye."

Ilikuwa kweli kwamba Haboba alifunga pipi kwenye pindo la kitenge chake, na mama akaridhika. Siku nyingine aliambiwa meza akaleta pesa. Nilieleza kwamba pesa ya sokoni hukaa mezani, chini ya chupa ya chai. Mama akacheka, akasema huyu mtoto anafikiri mbali. Mimi nikaamini hivyo zaidi yake. Niliamini kwamba mdogo wangu anaona kamba zinazofunga kitu kimoja na kingine, kamba ambazo sisi hatuzioni, na kwamba ni mimi peke yangu niliyepewa kuzisoma.

Kosa moja tu sikuweza kulieleza vizuri. Baba alikuwa amerudi, mama akataka kumwonyesha. Baba akakaa kwenye kigoda, miguu yake mirefu imejaa mkekani, na mama akamwambia amuulize Wani mwenyewe.

"Wani," alisema baba. "Baba. Nionyeshe baba."

Wani akamtazama kwa makini yale yale. Akaangalia kadi. Akachukua ile ya mama, akampa.

Baba akaishika muda mrefu. "Sawa," alisema. "Mimi sikai hapa." Kisha akatoka kwenda kuangalia magurudumu, ambayo alikuwa ameshayaangalia. Nilimfuata nikamwambia kwamba Wani alimaanisha mama ndiye anayepika chakula cha baba. Mimi mwenyewe sikuyaamini maelezo hayo.

Kuna neno moja lililosemwa sana nyumbani kwetu siku zile, na leo nikilikumbuka nashangaa jinsi lilivyokaa mbele ya kila mtu bila kufunguliwa. Wani akiitwa aje kula asije, akiambiwa asishike moto akashika, Haboba alisema kwa Kiarabu cha Juba, "Ma gi asma." Hasikii. Mama alisema hivyo hivyo kwa Kiswahili: huyu mtoto hasikii. Majirani nao walisema. Ni neno linalosemwa juu ya kila mtoto duniani, na maana yake ni kwamba mtoto ni mkaidi.

Siku ya kwenda kwa Mwalimu Ruth nilichukuliwa pia, kwa sababu haikuwa siku ya shule na kwa sababu mama alidhani nitahitajika. Wani alipakwa mafuta mpaka akang'aa. Mwalimu Ruth alikuwa mama mnene, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Alikuwa na kadi za kununua, za plastiki, zenye rangi za kweli. Akachukua moja, akaiinua mbele ya uso wake, picha ikitutazama sisi.

"Haya kijana, hebu niambie, hii ni nini?"

Wani akainama kulia, achungulie nyuma ya kadi.

"Kaa vizuri, mwanangu. Hii ni nini?"

Akainama kushoto. Mwalimu Ruth akatandaza kadi nne mezani, akainama akiandika kitu kwenye karatasi yake, na huku anaandika akasema, "Nionyeshe gari."

Wani hakuonyesha kitu. Alikuwa anatazama utosi wa Mwalimu Ruth.

"Hapendi kadi zako," nikamwambia. "Hazinuki."

Mwalimu Ruth akacheka kidogo, kisha akamgeukia mama, ambaye watu walimwita kwa jina langu. "Mama Poni, usivunjike moyo. Ni mtoto mtulivu, lakini bado. Hasikii maagizo. Mlete mwaka ujao."

Mama alimshukuru. Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye katoni zilizobaki akaanza kukata. Sasa masomo yakawa kila siku, na nilipotoka shule niliwakuta bado wako mkekani, jua limeshawafikia. Mama alikuwa ameona aibu mbele ya mwalimu, nadhani, na aibu yake aliifanyia kazi kwa wembe na kalamu. Zikaja kadi za daraja, za shati, za mahindi. Wani alizijua zote kwa haraka ile ile, na hilo lilimsumbua mama zaidi. "Hapa anajua," alimwambia Haboba. "Kule kwa nini hakujua?"

Kilicholeta jibu ni jino. Mama aliamka shavu limevimba, na Haboba akapasha chumvi kwenye kitambaa, akamfunga kwa kitenge kuanzia chini ya kidevu mpaka juu ya kichwa, kikafunika mdomo wote. Ungedhani angepumzika. Alikaa mkekani kama kawaida na kutandaza kadi.

"Lete jogoo," sauti ikatoka ndani ya kitenge. Nilisikia vizuri kabisa.

Wani alikuwa anakitazama kitambaa.

"Jogoo, Wani."

Akanyoosha mkono akachukua mbuzi, akamwinua nusu, huku akimtazama mama machoni. Akamrudisha. Akachukua daraja, akaliinua nusu. Sikuwahi kumwona akibahatisha. Alikuwa kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango.

"Anaogopa kitambaa," nilisema. Nilikuwa na maelezo tayari, kama siku zote.

Wani akasimama. Akaenda mpaka kwenye mapaja ya mama, akaingiza kidole juu ya kitenge, akakishusha taratibu, kwa kuwa alijua panauma, mpaka mdomo ukaonekana. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akangoja.

Mama akakiacha kitenge kidevuni. Halafu midomo yake iliyovimba ikacheza bila sauti. Mimi niliyekuwa karibu naye sikusikia hata pumzi. Wani akageuka, akaleta jogoo.

Midomo ikacheza tena. Wani akaleta moto. Ikacheza tena, na safari hii mama aliinua kidole kumwonyesha Haboba aliyekuwa mlangoni, na Wani, ambaye hakukiona kidole kwa sababu macho yalikuwa mdomoni, akaleta pipi.

Nilidhani ni mchezo mpya. Niliona wivu kwa sababu hawakuniambia sheria zake.

Mama akamtuma Wani kwa ishara aende kwenye kichuguu kidogo kando ya ua, ambapo alipenda kutazama siafu. Alipokwisha kuchuchumaa huko, ametupa mgongo, mama akachukua sufuria kubwa na mfuniko wake, akamwendea kwa nyuma, akavigonga kwa nguvu zake zote. Kuku walitawanyika. Mimi niliziba masikio. Nyumba ya pili mtu aliuliza kuna nini. Wani aliendelea kutazama siafu, mpaka kuku mmoja alipompita mbele, ndipo akainua kichwa kuona anakimbia nini.

Haboba akaja akachukua sufuria mikononi mwa mama. "Nilisema," alimwambia. "Siku nyingi nimesema. Ma gi asma."

"Ulisema, mama," mama akajibu. "Mimi nilifikiri ni tabia."

Mpaka leo sijui Haboba alimaanisha lipi siku zile zote. Nikiwa mkubwa nilimuuliza, akasema hata yeye hakumbuki.

Hospitalini daktari aliuliza kama Wani aliwahi kuugua homa kali. Aliugua kambini, kabla hajajua kutembea vizuri, akalazwa, akapona, na kila mtu akamshukuru Mungu na kuendelea. Daktari akasema masikio yalikufa na homa ile, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Mama aliuliza jambo moja tu.

"Na akili?"

"Akili ni nzima kabisa," daktari alisema. "Amejifunza kusoma mdomo wako, na hakuna aliyemfundisha."

Mama alimbeba Wani mgongoni kurudi nyumbani, ingawa alikuwa ameshakuwa mkubwa na miguu yake ilining'inia. Mimi nilitembea nyuma nikiyatazama masikio yake, maana niliambiwa yamekufa na nilitaka kuona. Yalikuwa mazima, safi, yamepakwa mafuta. Usiku ule nilimuuliza Haboba kama yatazikwa. Alinivuta akanilaza karibu naye.

Maelezo yangu yote yalianguka kwa pamoja. Siku moja mama alichukua kioo kidogo cha baba cha kunyolea ndevu, akaniambia niseme pipi bila sauti. Nikasema. Sasa sema bibi. Nikasema. Sema mimi. Katika kile kioo ilikuwa ni midomo ile ile, ikifunga na kufunguka vilevile mara zote. Meza na pesa vivyo hivyo. Baba na mama vivyo hivyo; hapo mama aliweka kioo chini akaangalia pembeni. Wani alikuwa amepewa nyuso tatu zinazofanana na kuambiwa achague iliyo sahihi, na alichagua. Huwa nafikiri kwamba katika zile tatu alichukua aliyempenda, kwa hiyo sikuwa nimekosea kabisa. Lakini hakuna aliyeniuliza tena.

Kadi zilikaa kwenye ndoo kwa muda. Mama alipozitoa tena alikuja na njia nyingine, ambayo sidhani aliiona kokote. Aliinua kadi ya mbuzi, akafunga mdomo, akangoja. Wani naye akangoja neno. Halikuja. Wakatazamana, na mimi nikataka kusema mbuzi, mama akanikanya kwa jicho. Mwishowe Wani akaweka vidole viwili chini ya kidevu chake akavivuta, ndevu. Mama akavuta ndevu kama yeye. Akanigeukia na mimi nikavuta ndevu. Wani akatutazama mmoja baada ya mwingine, na uso wake sikumbuki kuuona hivyo kabla ya siku ile.

Kuanzia hapo yeye ndiye aliyetufundisha. Maji yalikuwa mkono unaoburuta kitu kizito. Bibi ilikuwa kufunga kilemba. Pipi ilikuwa shavu lililojaa. Baba ilikuwa mikono miwili inayozungusha usukani. Haboba alijifunza haraka kuliko wote, akaanza kumgombeza Wani kwa mikono, naye Wani akawa anafumba macho ili asigombezwe. Kazi yangu ya kueleza ikaisha, kwa kuwa sasa kila mtu alielewa, na nilikuwa na huzuni fulani niliyoibeba mwenyewe kwa sababu haikuwa na jina.

Tulirudi kwa Mwalimu Ruth kabla ya ule mwaka ujao aliousema. Mama alikuja na kadi zake ndani ya mfuko wa kitenge, akamweleza yote.

"Mwalimu, mimi naomba kitu moja," alimaliza. "Kadi shusha hapa chini. Uso yako ionekane."

Mwalimu Ruth akashika kadi chini ya kidevu. Akauliza, na Wani akajibu zote alizozijua, nyingine kwa kidole, nyingine kwa mikono, na mama akatafsiri. Walipomaliza Mwalimu Ruth alivua miwani.

"Mama Poni, nisikudanganye. Sijawahi kufundisha mtoto kiziwi. Sijui hata pa kuanzia."

"Mimi pia sijui," mama akasema. "Anza na mbuzi."

Wani alikaa pale mpaka meno ya mbele yakamdondoka. Mwalimu Ruth alizoea kuligeukia darasa kabla ya kufungua mdomo, na watoto wengine walijifunza kuvuta ndevu na kuburuta maji kama wanavyojifunza wimbo. Lakini ni yeye pia aliyemwambia mama ukweli kwamba nasari imefika mwisho wake, na kwamba upande wa Uganda iko shule ya viziwi yenye bweni, ambapo watoto husema kwa mikono lugha nzima, si vitu vya kwenye kadi tu.

Sijasema juu ya baba. Habari ya masikio aliipata aliporudi safari, mama akimweleza chini ya rakuba. Aliondoka akapanda kwenye lori lake akakaa nyuma ya usukani, injini imezimwa, mpaka chakula kikapoa. Kwa muda mrefu baada ya hapo aliongea na Wani kwa sauti kubwa zaidi, kama kwamba umbali ndio tatizo. Alimletea biskuti na mipira. Mikono yake hakuitumia. Nadhani ile kadi ya mama aliyopewa siku ile ilikuwa bado iko mkononi mwake.

Kisha jioni moja alimwona Wani akiniuliza jambo, akizungusha usukani hewani.

"Anaomba nini?" baba akauliza.

"Haombi," mama akamwambia. "Anauliza kama unalala leo. Hiyo ni wewe."

"Hiyo ni mimi?"

"Ni wewe. Tangu mwanzo ni wewe."

Baba akaiangalia mikono yake mwenyewe. Tangu hapo kila aliporudi aliomba afundishwe ishara moja au mbili kabla ya kuondoka, na madereva wenzake walimcheka kwamba anaongea peke yake kwenye foleni ya mpakani.

Ni yeye aliyempeleka Wani shuleni. Mama alibaki na Haboba, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, na mimi nikachukuliwa kwa sababu nilikuwa likizo. Nilidhani nimechukuliwa niwe mkalimani. Mama alimfungia Wani shuka, sahani, na kadi tupu alizozikata siku ile, pamoja na penseli, awachoree watu wa huko vitu ambavyo wao hawana ishara zake. Hakulia mbele yake. Alimwambia kwa mikono kwamba atakuja, akalirudia mpaka Wani akamshika mikono kuituliza.

Tulikaa watatu mbele, Wani katikati. Tulivuka daraja, Sherikat ikabaki nyuma, na barabara ikaanza kupanda polepole kati ya nyasi. Baba alitaka kumwonyesha Wani mlima. Akaondoa mkono mmoja kwenye usukani, ishara ikataka mikono miwili, lori likayumba. Akalishika. Akaendesha kidogo, kisha akawasha taa ya pembeni, akasogea nje ya lami na kuzima injini.

"Nimwambie mimi, baba," nilisema. "Wewe endesha."

"Hapana," alisema. "Wewe kaa tu."

Akamgeukia Wani, akamwambia kuhusu mlima. Ilichukua muda kwa sababu hakuwa na ishara nyingi. Wani akamjibu. Baba akawasha injini, tukaenda. Mbele kidogo palikuwa na mbuzi wamelala barabarani, na walipokwisha ondoka akasimama tena, azungumzie mbuzi. Akasimama kwenye mto. Akasimama kumwonyesha lori lililopinduka zamani ambalo miti imeota ndani yake. Mimi nilijua jinsi alivyokuwa akiendesha. Nilijua watu wa mpakani walikuwa wanamngoja. Nilikaa tu.

Karibu na Nimule nyani walikaa ukingoni mwa barabara, kundi zima, wakitoana chawa. Baba akazima injini. Nyani hatukuwa na ishara yake. Hakuwahi kuwa kwenye kadi. Baba akafikiri, kisha, mtu mzima mwenye mvi, akajikuna kwapa kwa mikono yote miwili na kuvuta midomo mbele. Wani alicheka ile sauti yake nene isiyo na kona. Akafungua mfuko, akatoa kadi tupu na penseli, akaiweka juu ya goti la baba, apate mahali pa kuchorea, na akaanza kuchora nyani, mkia kwanza.

Baba alitulia ili goti lisitikisike. Nyuma yetu malori yalikuwa yamefika, barabara ni nyembamba, na yakaanza kupiga honi, moja, kisha yote. Mimi niligeuka. Wao wawili hawakugeuka.